Kumbukumbu ya Metodi Haralanov, Abiria wa Ndege ya Jioni

Mwaka umetimia sasa, Metodi, tangu ulipoketi kwenye ukumbi wa abiria ukiwa na begi lako mapajani, usiinuke tena.

Tumeibandika karatasi hii kwenye mlango wa jengo letu, kama desturi ilivyo, kando ya ile ya siku arobaini ambayo mvua imeifuta sura yako. Ni ndefu kuliko karatasi za marehemu wengine, majirani watusamehe. Wataisoma wakisubiri lifti, na siku hizi lifti inasubiriwa sana. Ulipokuwa hai, wewe fundi wake, haikulala imeharibika hata siku moja. Hata Pasaka uliliacha yai lako limemenywa nusu mezani ukashuka na mkoba wa vifaa. Na siku ile kamba yake ilipokatika, ulimbebea bibi Stoyna kabichi zake za kuchachusha mpaka ghorofa ya saba, ukisimama kila ngazi inapopinda. "Napumzika kwa ajili yako, bibi," ulimwambia. "Mimi sijachoka." Bibi Stoyna bado anaihadithia habari hiyo, na akifika hapo huinama akatafuta kitambaa.

Hayo majirani wanayajua. Waliosafiri nawe wanamjua mtu mwingine.

Nyumbani hukuwa mtu wa amri. Uliwaacha watoto wale wanachotaka, walale wanapotaka. Lakini mkeo Zdravka akishateremsha masanduku kutoka juu ya kabati, ulibadilika ukawa kama jemadari. Uwanja wa ndege mlifika mapema mno, hata wafagiaji wakawazoea. Ulitaka kiti cha kando ya njia, kwa kuwa anayekaa dirishani, ulisema, ni mfungwa mwenye mandhari nzuri. Chakula kilitoka nyumbani: mayai ya kuchemsha, nyanya, na banitsa ya Zdravka, mkate wa tabaka wenye jibini, iliyofungwa kwenye taulo, bado ina joto. Mtu akitazama mgahawa ulimwambia, "Wewe, unakwenda likizo au unakwenda kufilisika?"

Mlikopanga lazima kuwe na jiko. Siku ya kwanza hakuna kugusa bahari. Ni siku ya kulala, kisha kuzunguka mtaani kujua mkate unauzwa wapi na hospitali iko wapi. Na ndege ikitua, ulipiga makofi kuliko abiria wote. Binti yako mkubwa, Bilyana, alijifunika uso kwa kofia. "Baba, tafadhali! Watu wanatutazama."

"Dereva wa basi unamwambia ahsante," ukamjibu, huku ukiendelea kupiga. "Huyu aliyekushusha kutoka mawinguni umnyamazie?"

Tuliyacheka hayo yote, nawe ukacheka. Sheria moja tu haikuchekwa. Familia nzima haipandi ndege moja. Zdravka na mtoto mmoja wataondoka asubuhi. Wewe na wengine mtafuata jioni. Bilyana alipoolewa akahamia Hispania, wakabaki Ralitsa, anayekwenda na mama yake, na Yavor, anayekwenda nawe.

Sababu uliitoa mara moja, mezani, na hukuirudia. Kijijini kwenu kando ya Danubi, ulipokuwa mdogo, ukoo mmoja ulipanda mashua moja kwenda harusini ng'ambo ya mto. Mto ulikuwa umefura. Hakurudi hata mmoja, mkubwa wala mdogo. Ilipofika siku ya arobaini, hakukuwa na mtu wa kuwachemshia ngano ya marehemu. Mama yako ndiye aliyewapikia, mtu baki, akapeleka sinia makaburini na kuwagawia watu wasiojua waseme pole kwa nani. "Kufa tutakufa," ulituambia. "Lakini abaki mmoja wa kupika ngano."

Kiangazi kile mlikuwa mnakwenda Krete. Wiki ya safari Yavor alinyimwa ruhusa kazini, kwa hiyo ndege ya jioni ikabaki yako peke yako. Asubuhi uliwasindikiza Zdravka na Ralitsa mpaka dirisha la mizigo. Yule binti wa dirishani alitazama tiketi yako akasema, "Mzee, viti vipo tele asubuhi hii. Nikubadilishie uende na familia?"

"Ahsante, binti yangu. Mimi ni wa jioni."

"Metodi," Zdravka akasema, "leo hakuna mtoto wa kugawana. Acha ukaidi, njoo twende."

"Mama watoto, watu huenda likizo. Sheria haiendi."

Ulicheka. Ukamrekebishia kola, ukampa Ralitsa taulo la banitsa lote, ukajibakizia kipande kimoja.

Jioni walikusubiri kwenye mlango wa abiria wanaowasili. Walitoka wenye maua, walitoka wenye watoto usingizini. Zdravka alimwambia Ralitsa, "Yuko nyuma. Lazima anamsaidia mtu kubeba mizigo." Mlango ukafunguka na kufungwa, ukafunguka na kufungwa, halafu akatoka mwanamume mwenye ndoo na fagio la maji. Hata hapo Zdravka alisema, "Yuko nyuma."

Ulikuwa bado hapa Sofia, kwenye ukumbi wa abiria. Moyo wako ulikuwa umesimama kabla jina lako halijaitwa kwenye kipaza sauti, na watu waliokaa karibu nawe walidhani umesinzia.

Tunaandika haya kwa sababu mwaka mzima umepita tukisema mazuri yako matupu, na Zdravka amechoka kuitikia. Watu walikuja wakamwambia, "Alikuwa mtu mwema." Akaitikia. "Amepumzika bila mateso." Akaitikia. Wakishatoka aliligeukia koti lako jeusi lililo mlangoni akaligombeza. "Wenzangu waume zao wamewafia mikononi," alisema. "Wangu amenifia kwenye kiti cha plastiki, kwa sababu ya mashua ya watu nisiowajua." Siku ya arobaini alichemsha ngano, nusu mwaka akachemsha, akaipamba kwa sukari na jozi vizuri kama unavyopenda, na pale kaburini akakuuliza mbele ya kasisi, "Sheria yako imemlinda nani?" Kasisi akaangalia chini. Nasi tukaangalia chini.

Kisha Bilyana akapiga simu. Amejifungua mtoto wa kiume, wamempa jina lako. Metodi mdogo ana masikio yako, masikini. Alisema watamsubirisha ubatizo mpaka mwaka wa msiba uishe, na mwaka ukiisha anataka sote tuwe Valencia.

Yavor alikata tiketi bila kumuuliza mtu. Alikuja nazo jioni, akaziweka mezani kati ya chumvi na mkate. Dada yako Tsonka alikuwepo, amekuja kumsaidia wifi yake kuchagua ngano. Zdravka akavaa miwani.

"Mimi asubuhi, Ralitsa asubuhi, wifi asubuhi. Hii ya jioni ya nani?"

"Yangu," Yavor akasema.

"Na nani?"

"Peke yangu, Mama. Ndiyo sheria ya Baba. Lazima mmoja abaki nyuma."

Zdravka alivua miwani. Alizisukuma tiketi mpaka zikagonga chupa ya siki. "Sikilizeni. Ama tupande ndege moja sote, ama mimi siendi. Mwambieni Bilyana abatize."

"Wifi!" Tsonka akashtuka. "Utamnyima mtoto bibi yake kwa ajili ya ndege?"

"Si ndege. Ni ule mlango. Nilisimama pale nikiwaangalia waume za watu wakitoka. Leo niende nikamsubiri mwanangu? Sisimami tena pale, hata mkinibeba."

"Na ndege hiyo moja ikianguka?" Yavor akasema, sauti imempanda. "Nani atatupikia ngano?"

"Msinitazame mimi," Tsonka akadakia, akijaribu kuleta utani. "Mimi nina kisukari. Nikibaki mimi, nitapika ngano ya watu watatu bila kuonja, mje mnilaumu huko juu kwamba sukari haikutosha?"

Hakuna aliyecheka. Yavor alichukua koti lake akatoka. Kwa siku nyingi tiketi zile zilikaa palepale kando ya siki, tukila tukizizunguka kama watu wanaozunguka shimo. Bilyana alipiga simu kila jioni: "Mama anakuja?" Ralitsa akajibu, "Anafikiri." Zdravka alikuwa hafikiri. Alikuwa amekwisha kata shauri, na Metodi mdogo angebatizwa bila bibi.

Jana tulichemsha ngano yako ya mwaka. Tuliichuja, tukaitandaza kwenye shuka jeupe ikauke. Yavor alikuja kusaga jozi. Alisaga kwa nguvu, mpaka Tsonka akamwambia, "Taratibu, baba, hizo ni jozi, hazijakukosea." Hapo mikono yake ikasimama.

"Kiti cha pembeni yake kilikuwa changu," akasema. "Tiketi ilikuwa na jina langu. Watu wakadhani amelala. Mimi ningejua hajalala, Mama. Baba hakuwahi kulala safarini."

Kweli, Metodi. Hukuwahi.

Zdravka alikuwa akisawazisha ngano kwa kiganja. Aliendelea kidogo, kama hakusikia. Halafu akasogea, akakaa chini sakafuni karibu na mwanawe, ingawa magoti yake yale mabovu tunayajua.

"Kumbe hukununua tiketi," akamwambia. "Ulinunua adhabu. Ukae pale jioni, peke yako, kwenye ukumbi uleule."

Yavor alirudisha mikono kwenye jozi.

"Mwaka mzima namgombeza baba yako kwa ajili ya sheria yake," Zdravka akasema, "kumbe siku ile hakuifuata. Sheria yake ilikuwa wawili asubuhi, wawili jioni. Ilikuwa ya kugawana, mwanangu. Haikuwa ya kumwacha mtu peke yake. Alipobaki mmoja ilikuwa imeshavunjika, naye hakuliona hilo, na mimi niliyesimama naye dirishani sikuliona."

"Ningekuwepo..."

"Ungekuwepo ungemshika mkono. Pengine angekufa hivyohivyo, lakini ameshikwa mkono. Sitakudanganya kwamba hilo ni dogo. Ni kubwa. Linaniuma kama linavyokuuma." Akampangusa unga wa jozi usoni kwa aproni, kama bado ni mtoto wa chekechea. "Kabadilishe tiketi. Wifi na Ralitsa waende asubuhi. Jioni ni mimi na wewe."

"Lakini Mama, ukumbi ule..."

"Ndiyo maana. Nataka kuona alikaa wapi."

Tsonka akajipiga paja. "Yaani mimi ambaye hata lifti ya marehemu kaka yangu niliipanda nimefumba macho, ndiye nimwongoze mtoto angani?"

"Ralitsa ndiye atakayekuongoza wewe, wifi. Wewe kazi yako ni kula banitsa."

Hapo tukacheka, mara ya kwanza ngano ikiwa sakafuni. Kisha sote tukaliona lililobaki. Wa asubuhi watafika kwanza. Jioni lazima mtu asimame kule Valencia kwenye mlango wa wanaowasili, autazame ukifunguka na kufungwa, mpaka Zdravka na Yavor watoke. Bilyana atakuwa na mtoto mchanga nyumbani, mumewe atakuwa kazini, na Tsonka miguu haimruhusu. Zdravka alimgeukia binti yake mdogo. Hakumwomba. Ralitsa, ambaye hata mkate dukani huuomba kwa sauti ambayo muuzaji haisikii, akasema, "Nitasimama mimi, Mama." Zdravka akarudi kwenye ngano.

Tunasafiri Jumamosi. Usituulize kama tuna amani, Metodi, kwa sababu hatuna. Yavor bado halali vizuri. Bilyana analia kwa furaha na kwa lile jingine, kwenye simu hiyohiyo. Tulitaka kuandika hapa chini kwamba mkeo amekusamehe, ili karatasi imalizike vizuri kama za watu wengine. Tulimsomea. Zdravka alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hilo lifuteni. Sijafika huko." Tukalifuta.

Akafikiri, akasema tunaweza kuandika kwamba Jumamosi jioni anakuja kukaa hapo ulipokaa, na kwamba safari hii ana mtu pembeni yake.

Wanaokukumbuka: mkeo Zdravka, watoto wako Bilyana, Yavor na Ralitsa, dada yako Tsonka, mkwe wako, na mjukuu wako Metodi, ambaye hukumwona.

Ngano itagawiwa leo baada ya ibada, kaburini na hapa kwenye ngazi za jengo. Karibuni nyote.

Siku zote tutakukumbuka, kwa upendo na hata kwa hasira.