Homa ya Kabula Imepata Jina

Kambarage, Shinyanga

Baba yangu, shikamoo. Na Mama naye mpe shikamoo yake kabla hujaendelea, maana najua unasoma kwa sauti naye yuko hapo pembeni anachambua mboga. Goti linaendeleaje? Mdogo wangu Shaibu ameniambia kwamba siku hizi unafika msikitini bila mkongojo. Nilifurahi. Akaongeza kwamba unapanda mikorosho kukagua maua, na hilo sikulifurahia.

Mimi ni mzima. Jua la huku kali, vumbi halibishi hodi, lakini nimezoea. Nimejua hata kupika michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, na mama mwenye nyumba wangu anasema nimebakiza kuolewa tu niwe Msukuma. Mwambie Mama asishtuke, ni utani.

Habari ninayotaka kukupa nimeona niiandike, kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kwa maswali ya kitabibu kana kwamba bado uko zahanati.

Unakumbuka nilikueleza kwamba wanafunzi wangu wa darasa la sita wanasumbuka na sayansi. Watoto wetu ni viziwi, na maneno mengi ya mwili na magonjwa hayakuwa na alama tunayokubaliana sote. Nikitaka kusema bandama, naitaja herufi moja moja kwa vidole, na kabla sijamaliza nusu ya darasa inatazama dirishani. Mwalimu mwenzangu Masunga, ambaye naye ni kiziwi, akasema tutengeneze msamiati wetu wenyewe: neno, alama yake, na maana fupi ambayo mtoto anaweza kuieleza kwa mikono. Siku ya kwanza aliingia darasani na beseni la matumbo ya mbuzi kutoka buchani. Walishika ini, wakapasua figo, wakabishana. Tulimaliza wiki kadhaa kwa raha namna hiyo, kisha tukaingia kwenye magonjwa.

Siku ya wazazi tukaamua watoto waonyeshe kazi yao. Mmoja anasimama, anatoa alama ya neno lake na kulieleza, nami nawasomea wazazi maana kwa sauti. Yupo msichana anaitwa Kabula. Amelelewa Ushetu na bibi yake mzaa baba, na bibi ndiye aliyemleta shule. Mama yake anapikia wachimbaji wa dhahabu huko Bugarama. Siku hiyo walikuja wote wawili, kila mmoja kwa njia yake, wakakaa pande mbili za ukumbi. Nilikuwa nimeambiwa kwamba hawasemezani tangu ndoa ilipovunjika. Sababu sikuijua.

Mtoto mmoja akasimama na neno lake, homa ya uti wa mgongo. Nikasoma: ni kuvimba kwa utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo, mgonjwa huwa na homa kali na shingo hukakamaa, akipona, anaweza kubaki haoni vizuri au hasikii.

Mama Kabula akanyoosha mkono. "Mwalimu, rudia hapo kwenye shingo."

Nikarudia.

"Na hapo kwenye kusikia."

Nikarudia tena. Akasimama. "Huyu wangu aliwaka homa akiwa bado ananyonya. Shingo ikawa ngumu kama mpini wa jembe. Ukimwinua kichwa, anainuka mgongo mzima. Akapona, tukashukuru. Baada ya hapo namwita, hageuki." Akamtazama bibi. "Nikaambiwa uziwi nimekuja nao kutoka kwetu. Nikaondoka na hilo neno."

Nilisema upesi kwamba mimi ni mwalimu, si daktari, na kwamba wamwone daktari. Lakini Kabula alikuwa amenishika mkono wa gauni. Alitaka kujua mama yake amesema nini kilichofanya watu wamgeukie. Nilisita, Baba. Sikujua kama ni haki yangu kumwambia. Masunga, ambaye alikuwa akisoma nyuso zetu, akanipa alama moja tu: mwambie.

Nikamweleza yote. Akafikiri, kisha akauliza, "Kwa hiyo mimi niliwahi kusikia?"

Nikalipeleka swali kwa mama yake. Mama Kabula akaja mbele. "Mwambie alisikia. Nikimwimbia analala, nikinyamaza analia. Alikuwa ameshaanza kusema mayu." Mayu ndiyo mama, kwa huku. Kabula akamtaka aseme tena, akamwekea kiganja shingoni ili alihisi neno lenyewe likitoka.

Wakati wa chakula nilimwona bibi amebeba sahani mbili za ubwabwa, akaenda akakaa karibu na mkwewe. Nilipopita nikamsikia, kwa Kisukuma ambacho hata mimi nilikielewa, "Mama Kabula, mimi nilisema nisichokijua." Yule akajibu, "Kula kwanza, mayu, kinapoa." Hayo tu ndiyo niliyoyasikia, na sikutaka kusikia zaidi.

Wiki iliyofuata walimpeleka Kabula hospitali wote wawili. Daktari alisema hawezi kuapa kwa ugonjwa wa zamani hivyo, ila maelezo ya mama yanalingana kabisa na homa hiyo, na hakuna mtu wa kulaumiwa. Likizo hii Kabula atakaa nusu Ushetu, nusu Bugarama. Mama yake ameanza kuja Jumamosi kujifunza alama, anakaa na watoto wa darasa la kwanza, na wanamcheka akikosea.

Sasa nakuomba msaada. Kongosho imetushinda. Kila maana tunayoandika ni ndefu mno. Wewe uliyewaeleza wagonjwa kijijini miaka yote hiyo, ulikuwa unawaambia ni kitu gani? Na tezi je? Niandikie kama ulivyokuwa ukisema, usiniandikie kama kitabu.

Nisalimie Shaibu, na umwambie yeye ndiye apande mikorosho. Shangazi Somoe anayetusukia mikeka, mwambie ule wake ndio ninaoswalia. Na babu jirani, kinyozi wako, apokee salamu zangu.

Nilikuwa nifunge hapa, ila leo Masunga amegundua kwamba katika maneno yetu yote tulisahau neno uziwi. Kabula akaomba aliandikie maana yeye. Ameandika: "Masikio yaliugua. Mtoto akapona." Tumeiacha kama ilivyo.

Mwanao anayekuombea goti,
Zainabu