Picha ya Bibi Tsvetana Mlangoni

Kalina, acha unachofanya. Nimemuua Bibi Tsvetana wa ghorofa ya pili.

Si kumuua kweli! Nimemchora. Ile mbinu niliyoiona mtandaoni: unapaka karatasi yote mkaa, kisha unafuta taratibu mpaka sura inachomoza gizani. Ilikuwa zawadi yake ya kutimiza miaka themanini. Nikaipulizia dawa ya nywele ili mkaa usifutike, Mama akafoka, "Toka na harufu yako!" Nikaibandika kwenye mlango wa jengo ikauke.

Mlango wa jengo, shoga! Sura nyeusi na nyeupe! Pale pale tunapobandika matangazo ya vifo!

Kushuka, nakuta majirani wanalia. Mzee Gancho ameshika mawaridi mawili. Mawili! Mzima hupewa moja au matatu, mawili ni ya maiti! "Jana tu nilimwita mchawi," analia, "kumbe nilikuwa nampenda."

Na nyuma yake kasimama Bibi Tsvetana mwenyewe, na kikapu cha pilipili hoho.

Nikajua nimempoteza, yeye aliyenilisha kila nikitoka shule. "Bibi, nisamehe, naibandua sasa hivi!"

"Ole wako uiguse! Gancho, hebu rudia ulichosema."

Kalina, alirudia! Masikio mekundu, lakini alirudia! Akamnyooshea maua. Bibi akachukua moja, la pili akamrudishia kifuani. "Moja linatosha. Mimi mzima."

Picha bado iko mlangoni. Amekataa katakata niitoe mpaka wifi yake apite, aone kama naye atamlilia.