Majani Uliyonitumia

Kibokoni, Mombasa

Mama yangu,

Pokea salamu kutoka huku kwenye joto. Hujambo? Magoti bado yanakusumbua? Na baridi ya huko Taita mwaka huu ikoje? Mimi kifua kimepona kabisa, na hapo ndipo penye neno.

Barua hii anakuletea shemeji, mume wa dada Mkamburi, kwa sababu simu imenishinda. Nimekupigia mara kadhaa nikiwa nimejipanga vizuri, lakini nikisikia sauti yako naishia kuuliza habari za mbuzi.

Unakumbuka yale majani uliyokwea mlima kunichumia, kikohozi kiliponizidi? Yalifika salama, umeyafunga kwenye leso yako ya zamani. Niliweka maji motoni. Kisha nikaliinua jani moja dirishani, nikaona mishipa yake, myembamba, imegawanyika kama vijia vya shambani kwetu. Unajua kazi yangu hapa kwa Bi Zuhura ni kuchapa picha kwa mkono. Kutwa tunachonga mbao na kuzipaka wino, tunatafuta mistari kama ile. Nililipaka wino jani hilo, nikaliwekea karatasi juu, nikalisugua kwa mgongo wa kijiko. Lilitoka zuri, Mama, zuri mno. Nikachukua la pili. Maji yalikauka sufuriani nami sina habari, na hadi jioni hapakubaki jani la kuchemsha.

Bi Zuhura alipoziona picha alifurahi, akaniuliza majani nimeyatoa wapi. Nikamwambia ni dawa niliyotumiwa na mamangu.

"Ewe mwana!" akasema. "Dawa ya mamako waipaka wino? Na huko kukohoa je?"

Alinipeleka mwenyewe zahanati ya Majengo. Nilipewa vidonge, nikavimaliza, ndivyo vilivyoniponya. Wewe uliponipigia kuuliza kama majani yamenifaa, nikajibu, "Yamenifaa sana, Mama." Niliona aibu kukwambia. Nilidhani ni neno dogo la kukufurahisha, basi.

Sasa Mkamburi ananiambia umeviweka kabatini vidonge vyako vya presha, na kila asubuhi unakunywa majani yale yale. Akikusihi unamjibu, "Mwakio yamemponya, mimi yatanishindaje?" Picha zimetundikwa ukutani hapa, wageni wanasimama kuzitazama na kusifu jinsi watu wa kwetu wanavyoishi na miti yao. Mimi natoka nje. Wananipongeza kwa majani ambayo sikuyanywa, nawe umeacha vidonge vyako kwa ajili ya majani hayo hayo.

Nisamehe, Mama. Sisemi majani hayafai, sijui, kwa sababu sikuyaonja. Lakini hayakuniponya mimi. Ukimaliza kusoma hapa, tafadhali, fungua kabati umeze vidonge vyako, kisha kesho Mkamburi akupeleke kliniki wakakupime.

Nisalimie baba mdogo, mwambie viatu vyake navileta. Msalimie pia mama jirani anayekuchotea maji, na watoto wote wa Mkamburi. Bi Zuhura anakusalimu sana. Leso yako nimeifua, ipo.

Jumamosi nipo njiani. Majani yaliyobaki usiyanywe wala usiyatupe, niwekee. Nasikia ni machungu. Nikifika utanichemshia, nami nitakaa mbele yako niyanywe mpaka tone la mwisho.

Mwanao aliyekudanganya,
Mwakio