Likizo ya Mambo Safi

Mwenzangu, acha unachofanya unisome. Yule programa wetu, Mambo Safi, leo kaumbuka.

Si unajua asivyopenda kuona taa nyekundu ya hitilafu kwenye skrini ya ukutani? Basi ule mfumo wa kuombea likizo kaupanga kila jibu litoke na namba 200, yaani limefaulu. Hata likikwama, limefaulu. Taa kijani tupu, yeye anapiga mluzi.

Leo bosi kamleta mkurugenzi ajionee. Bosi akajaza ombi la likizo ya miaka tisa, makusudi, ili mfumo umkatalie.

Ukamjibu: "Imekubaliwa. Pumzika vizuri."

Miaka tisa. Pumzika vizuri. Nimeuma kola ya shati nisicheke.

Mkurugenzi kauliza kwa upole, "Na mimi nikiomba ya maisha?"

"Utapumzika vizuri, mama," kajibu Mambo Safi, jasho linamtiririka.

Hapo bosi kaja juu. "Rekebisha sasa hivi!"

Mwenzangu, jamaa kafunga kompyuta yake taratibu, kachukua begi.

"Haitawezekana, bosi. Mimi niko likizo tangu asubuhi."

Na kamgeuzia simu asome mwenyewe. Imekubaliwa.