Rejista za Miaka Miwili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, na goti limepunguza ukorofi. Mimi sijambo, ila vumbi la chaki bado linanipa mafua.

Kubwa ni hili. Nimeacha kuwasomea watoto notsi zako za maarifa ya jamii ili wanakili, kama ulivyotufundisha wewe tukikariri kama kasuku. Siku hizi nawapa swali, wanatafuta ushahidi wenyewe. Najua utasema nimekuwa mvivu. Mwezi huu swali lilikuwa: nani alianzisha shule yetu? Jibu limo katika notsi zako: wewe, mwalimu mkuu wa kwanza. Nilidhani nimechagua swali jepesi.

Nikaingia stoo kuwatafutia karatasi za zamani. Rejista za mwaka wa kwanza na wa pili zina sahihi moja kila asubuhi, na si yako. Ni ya yule mama mshonaji wa sare, jirani wa shule. Yako inaanza mwaka wa tatu.

Baba, nilifanya vibaya. Nilizifungia hizo mbili kabatini, nikalipa darasa ya tatu na kuliambia nyingine zimeliwa na panya. Njia ya mwongo ni fupi. Msichana tunayemwita Wakili aliomba aone mabaki, kisha akauliza ilikuwaje panya wakala mbili wakairuka ya tatu, na zote zilikaa rafu moja. Nikafungua kabati, nikawaomba radhi.

Wakaenda kwa mshonaji. Aliwaambia kwamba alianza na watoto kumi na wawili katika chumba chake cha kushonea, akafundisha miaka miwili mpaka ulipokuja wewe mwenye cheti. Hakulalamika. Alisema tu kwamba ulimwomba arudi kwenye cherehani yake, ukamwahidi kuwa jina lake utaliandika katika historia ya shule.

Nililia, sikufichi. Nakupenda, lakini zile notsi siwezi tena kuzisoma mbele yao.

Jumamosi asubuhi darasa zima linakuja kwako kukuuliza. Tafadhali usinijibu mimi kwa barua, wajibu wao.

Msalimie sana Mama, na umwombe aongeze kiti kimoja kizuri sebuleni. Mshonaji amekubali kufuatana nasi. Amesema yeye hana swali.

Ni mimi bintiyo,
Kitindamimba