Nakala Kumi na Tisa za Darsa

Shikamoo Bi Umi, naomba unisaidie kabla ya Jumatatu. Mimi ni fundi wa mtandao hapa Mafia, kazi yangu ni kupanga njia kwenye ruta na kuzifuatilia kwenye skrini, na kila alasiri tunarusha darsa ya Bi Mwamvita kutoka Kilindoni kwa akina mama wa vijiji sita, picha inatoka nakala moja tu na ruta inaigawa pale njia zinapoachana, kwa vijiji vilivyoomba, ndiyo multikasti hiyo, laini haielemewi. Sasa mavyaa wangu, mama wa mume wangu, yuko Kiegeani na magoti yanamsumbua, nikamfungulia nakala yake peke yake hadi kwenye simu, akafurahi, akanisifu mbele ya mawifi, basi nikamfungulia na dada yake, na jirani, na mawifi wenyewe, zikafika nakala kumi na tisa, zote kwenye laini ileile ya vijiji, na picha za vijijini zikaanza kuganda. Mkuu wetu akasema antena imefungwa vibaya, na aliyeifunga ni mwenzangu Haruni, kapanda mnara mara tatu juani kuigeuza huku mimi nimekaa chini namsomea namba za mawimbi kwenye skrini, na naona kabisa laini imejaa na nani kaijaza. Haruni kasimamishwa kazi, Jumatatu kikao kinaamua kama afukuzwe, na ana watoto wanne. Rekodi za ruta, zinazoonyesha nani kafungua nini, sijazifuta, ila sijamwonyesha mtu. Nikisema nitafukuzwa mimi, na mavyaa ataaibika kuwa ndiye chanzo. Nifanyeje?

Fundi Mwenye Soni, Mafia

Marahaba, mwanangu. Nakuonea huruma, ila Haruni namwonea zaidi.

Mimi ruta siijui. Nimemuuliza fundi wetu Suleimani, akasema ungeweka televisheni moja pale Kiegeani iombe darsa kama vijiji vingine, nakala ingekuwa moja na kila mtu angeona. Wewe hilo unalijua kuliko yeye. Tatizo televisheni ya wote haina wa kusifiwa.

Na mavyaa mwache. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali alipokuomba hiyo nakala, sikupaona. Ulimpa mwenyewe, ukanogewa na sifa, sasa unataka kujificha nyuma ya magoti yake. Acha!

Leo hii zifunge zile nakala zote. Chapisha rekodi, zenye tarehe. Kesho nenda kwa Haruni kwanza, nyumbani kwake, umwambie kwa mdomo wako na si kwa ujumbe wa simu. Akikufokea, nyamaza. Kisha nenda kwa mkuu kabla ya kikao, na karatasi zako mkononi. Huenda ukafukuzwa, sitakudanganya.

Haruni amepanda mnara mara tatu kwa kosa lako. Wewe panda ngazi za ofisi, mara moja tu.