Bafta Tumeibadili kwa Mbegu

Mohoro, Rufiji
Mfungo Pili, mwaka 1324

Mpendwa Mjomba Sadallah,

Nashika miguu yako. Niwie radhi kwa kukaa kimya tangu Ramadhani. Karatasi ilikuwapo na wino ulikuwapo, mkono ndio uliokataa. Kila nilipotaka kuanza, kabla sijamaliza salamu tulikuwa na wa kumzika. Hata hii naiandika Biasha kanilalia pajani, basi hati ikipinda usicheke.

U hali gani, mjomba? Kifua chako kimepoa? Mkaza mjomba na watoto, wote wazima? Huku tuliobaki tu watatu: Bibi mama yako, mimi, na huyu Biasha wangu. Bibi macho yanamsumbua, lakini ulimi mzima kabisa, nawe wamjua.

Bafta yako ilifika, jora zima. Uliituma iwe sanda ya mama yangu, dada yako Mwajabu, Mungu amrehemu. Ilipofika, mama tumekwisha mzika kwa mkeka, na mwanangu Tamimu naye nimemzika kwa leso yangu ya harusi. Usijilaumu. Wewe ulitimiza, njia ndiyo mbaya.

Habari za mume wangu Miraji ulizipata. Alinyunyiziwa ile dawa, akaamini risasi zitageuka maji, akaenda na watu wa milimani asirudi. Siwezi kumlaumu, maana tuliamini sote. Hata mpunga hatukupanda mwaka ule, tukisema Wadachi wakishaondoka tutalima kwa raha. Kisha askari wakaja wakachoma na ghala zenyewe. Bunduki iliua wengi, mjomba, lakini njaa imeua zaidi na bado haijachoka.

Bibi ndiye mwosha wa wanawake hapa tangu ujana wake, na sanda ya mji hukaa sandukuni kwake. Kwa hiyo habari za kufa anazipima kwa bafta. Alipokuwa bibi harusi, jora moja lilivuka mwaka likabaki, likageuka manjano, panya wakalitoboa. Waliokufa ni wazee na watoto wachanga. Ikaja ndui, wakaja na nzige, mama akiwa kijana, jora likawa halimalizi msimu mmoja. Baadaye kufa kukapungua tena. Nilipoolewa mimi, sanda zilikuwa zinakaa sandukuni hata Bibi akadhani mabaya yameshapita. Sasa hata hicho kipimo hatuna. Wanakufa vijana, wanakufa watoto waliokwisha kujua kutumwa dukani, na tanga tunalianua siku ile ile kwa kuwa hakuna cha kuwapikia wafiwa.

Nikamwuliza, baada ya nzige ni nini kilichokomesha vifo, ni dua? Akaniambia, "Dua tulisoma tangu mwanzo, mjukuu wangu. Watu waliacha kufa mpunga ulipoiva."

Maneno hayo hayakunipa usingizi. Mvua ilikuwa imeanguka, udongo wa bondeni umelainika, na mbegu hatuna hata ya kutia mkononi. Na jora lile limelala sandukuni, jeupe. Nikamwambia Bibi nataka kulipeleka Mbwera kwa Abbasi, yule mchuuzi ambaye ghala lake moto haukulifikia. Nilidhani atanifukuza, maana humo mlikuwa na sanda yake mwenyewe. Lakini akasema, "Lichukue lote. Mimi nifungeni mkeka, Mola hatanisahau kwa nguo. Ila usimwachie kwa bei ya bure yule, babake alikuwa hivyo hivyo."

Abbasi alipoliona akacheka. "Mama Biasha, leo waniuzia kaburi?"

"Nakuuzia nguo," nikamwambia. "Kaburi lako utalipata bila kununua."

Alinipa mbegu, si nyingi. Nimeipanda nusu. Wanawake wengine wamenisema, kwamba nimewavua maiti wao. Sikuwajibu vibaya, nao wana machungu yao, lakini sijuti. Waliokufa wamekwisha kufa, mjomba, na huyu aliye pajani kwangu anapumua.

Shida ni nusu iliyobaki. Nimeificha chini ya kitanda cha Bibi hata nimalize kulima. Biasha kakonda, tumbo tu ndilo kubwa, tunamlisha ming'oko, mizizi ya mwituni, na hiyo sasa yachimbwa mbali. Juzi alinusa mfuko, akakaa hapo mlangoni akilia, nami nikageuza uso. Sijui nitageuza mara ngapi. Tukiila mbegu, atashiba siku mbili tatu, kisha mto utapanda juu ya shamba tupu. Ndiyo maana nakuandikia hivi bila haya. Kama hujapata vitu vyote nilivyoandika hapo chini, usingoje, tuma ulichopata.

Nisalimie mkaza mjomba Mwanamina, na watoto, Zaidi na Kijakazi. Bibi anakuombea asubuhi na jioni. Mungu akuzidishie umri, akuweke na wanao nyumba moja.

Wako akupendaye, mpwao,
Siti

Mpe Khamisi aliyekuletea barua hii, anarudi mwezi huu huu:
Mtama wa kula, kwanza kuliko vyote, ili mbegu isiguswe.
Mbegu ya mpunga, ile ya kuwahi kuiva.
Jembe moja, mpini tutachonga.
Chumvi.
Dawa chungu ya homa, ya Biasha.
Bafta usitie. Nafasi yake ongeza mtama.